Nilivyomwambia Akinyi Avumilie

Ninyi mnaosomea fiziotherapia siku hizi mna bahati ya simu. Mkitaka kuona msuli unavyojikunja mnagusa kioo tu, na katuni ya rangi tatu inacheza mbele yenu: uzi mwekundu unateleza juu ya uzi wa buluu, vichwa vidogo vinainuka na kulala, na sauti ya mtu asiyeonekana inaeleza kila kitu kwa upole. Sisi tulifundishwa na Bwana Ochola kwa nyama ya kuchemsha. Sisemi njia yetu ilikuwa bora. Nasema tu kwamba katuni yenu hailiwi.

Nilifanya kazi hii miaka thelathini na minne, karibu yote katika hospitali moja ya umma hapa Kisumu. Sasa nimestaafu, na magoti niliyokuwa nikiyatumia kuinamia magoti ya watu yameanza kudai haki yake. Chuo chenu huniita mara kwa mara nije niwapigie hadithi, nami huja kwa sababu chai yenu si mbaya. Safari hii nimeamua kuandika, kutokana na jambo lililotokea darasani kwenu mwezi uliopita. Wengine wenu mlikuwapo. Nitalifikia, lakini lazima nianze na nyama.

Bwana Ochola alikuwa mkuu wa idara yetu. Mtu mfupi, koti jeupe limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na sauti ya chini ambayo ilitulazimu tumsogelee. Siku za soko tulikuwa tukienda Katito kuwahudumia watu ambao hawangeweza nauli ya kuja mjini. Kazi ikiisha, alikuwa na hoteli yake moja pale, ambapo aliagiza kipande cha mguu wa ng'ombe kilichochemshwa bila chumvi. Mpishi alikuwa amemzoea. Tulidhani anatununulia chakula cha mchana, kumbe ni somo, na chakula kilikuja baadaye, kikiwa kimepoa.

Alianza na utando wa nje, ule mweupe unaong'aa ambao mama zenu huutoa kwa kisu. Ndani yake kuna mafungu, na kila fungu lina utando wake mwembamba zaidi. Ukilipasua fungu unapata nyuzi, nyembamba kama nywele, zimelala upande mmoja. Kila uzi ni seli moja, ndefu, iliyo na viini vingi, nayo pia imevaa kiguo chake. Zile tando zote, za nje na za ndani, zinakutana mwishoni mwa msuli na kuwa kano, na kano ndiyo inashika mfupa. Kwa hiyo uzi ukivuta, unavuta kiguo chake, kiguo kinavuta kano, kano inavuta mfupa. Msuli hausukumi kitu chochote. Ukiona mtu anasukuma mkokoteni sokoni Kibuye, jua kuna misuli inavuta mahali.

Kisha alituambia tushike ule utando mkubwa wa nje tuuvute. Tukavuta. Haukutanuka hata kidogo.

"Sasa," akasema, "msuli ukivimba ndani ya hii, uvimbe utaenda wapi?"

"Hakuna mahali itaenda," nikajibu haraka kuliko wenzangu. "Itakandamiza mishipa ya damu."

Alinipa kipande kikubwa cha nyama kama zawadi. Nataka mkumbuke kwamba nilijibu, na kwamba nilijibu sawa.

Yaliyo ndani ya uzi hayaonekani kwa macho, kwa hiyo hapo Bwana Ochola aliiacha nyama akatumia maneno. Ndani ya uzi mmoja kuna vijiuzi kwa mamia na maelfu, na kila kijiuzi kimegawanyika vipande vifupi vilivyopangwa kimoja baada ya kingine kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika kila kipande kuna nyuzi nyembamba zinazotoka ncha mbili, za protini iitwayo aktini, na katikati yake kuna nyuzi nene za miosini. Zile nene zina vichwa vidogo pembeni. Vichwa vinashika nyuzi nyembamba, vinapinda, vinazivuta kuelekea katikati, vinaachia, vinarudi, vinashika tena mbele zaidi. Hakuna uzi hata mmoja unaokuwa mfupi. Zinateleza tu na kuingiliana, kipande kinafupika, na kwa kuwa vipande ni maelfu kwa maelfu, msuli mzima unafupika.

Mimi nililielewa hilo vizuri ufukweni Asembo Bay, ambako nimeolewa. Tazameni wanaume wakivuta boti kubwa kuitoa majini kwa kamba. Hawaachii wote kwa pamoja, kwa maana boti ingerudi ziwani. Wakati huyu anaachia ili ashike mbele, yule bado ameshikilia. Kamba haifupiki, na wao hawarefuki, lakini boti inakuja. Vichwa vya miosini vinafanya hivyohivyo, haviachii vyote kwa pamoja.

Na nani anaviambia vichwa vianze? Neva. Ujumbe unatoka kwenye ubongo au uti wa mgongo, unashuka kwenye neva, unaruka pengo dogo mwishoni mwake kwa kutumia kemikali, na uzi mzima unashtuka. Kalsiamu iliyokuwa imefungiwa kwenye vijifuko ndani ya uzi inamwagika. Ile kalsiamu inaondoa kizuizi kilichokuwa kimefunika mahali pa kushika kwenye nyuzi nyembamba, na vichwa vinaanza kazi. Neva ikinyamaza, kalsiamu inarudishwa ndani ya vijifuko, na msuli unalegea.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka mtihani, nami nilianguka. Nilidhani kukaza ni kazi na kulegea ni kupumzika. Aliyenitoa ujinga huo hakuwa daktari. Alikuwa mama muuza samaki aliyekuja na bega bovu, nami kwa kumchangamsha nikamwuliza anamjuaje samaki mbuta aliyevuliwa leo.

"Nashika kichwa, naangalia mkia," akaniambia. "Ikisimama kama ubao, hiyo ni ya leo. Ikiinama, hiyo nimeachia wewe na watu wa hospitali."

Nilicheka, halafu jioni nikajiuliza kwa nini samaki aliyekufa akaze. Hana neva inayomwamuru. Jibu lilikuwa kwenye kitabu changu siku zote: kichwa cha miosini hakiwezi kuachia bila kupewa nishati. Kukiachisha uzi kunahitaji mafuta, kama injini, na kuirudisha kalsiamu mahali pake kunahitaji mafuta pia. Samaki akifa, damu haiji, mafuta yanaisha, na vichwa vinabaki vimeshika palepale vilipokuwa. Anakaza mpaka aanze kuoza, ndipo analainika. Kwa hiyo msuli usiopata damu haulegei kwa amani. Unaweza kukaza ukafa hivyo.

Sasa nawaambia habari za Akinyi.

Akinyi alikuwa msusi mtaani Manyatta. Kibanda chake cha mabati kilikuwa karibu na njia, na wateja walimfuata kwa sababu alisuka mistari myembamba ambayo wengine hawakuwa na subira nayo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, mume alikuwa ameondoka, watoto wawili walikuwa wakila kutoka kwenye vidole vyake kumi. Siku moja jioni bodaboda ilimwangusha, mifupa yote miwili ya mkono wa kulia ikavunjika chini ya kiwiko. Akaletwa kwetu, mifupa ikanyooshwa, akafungwa plasta nzima kutoka juu ya kiwiko hadi kwenye vifundo vya vidole, akalazwa.

Lazima mjue jinsi watu wetu wanavyoitazama plasta. Kwetu plasta nzuri ni ile iliyokaza. Ikicheza kidogo mgonjwa anasema amefungwa na mwanafunzi. Tangu zamani waunga mifupa wetu vijijini hufunga vijiti na kamba mpaka ngozi ikunjane, na watu wakaamini kwamba mfupa usipobanwa hautashika. Fundi wa plasta wa hospitali yetu naye alikuwa na sifa hiyo ya kukaza, na aliipenda. Nilipofika wodini kesho yake saa mbili asubuhi, shangazi yake Akinyi alikuwa ameshafika na uji, na alikuwa akiigonga ile plasta kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Hii wamefunga poa," akaniambia. "Imekaza. Mfupa itashika haraka."

"Itashika, Mama," nikamjibu.

Mimi nilikuwa na jina wodini. Waliniita Mama Vumilia. Nilipewa na wagonjwa wenyewe, na sitawadanganya, nililipenda. Nilikuwa mtu wa kumwinua mzee aliyevunjika nyonga siku ya pili, akinitukana kwa Kijaluo, na baada ya wiki akinishukuru kwa Kijaluo hichohicho. Kazi yetu ina maumivu ya halali, na mtu anayeogopa kelele za mgonjwa hawezi kuifanya. Ubaya ni kwamba ukizoea kutozisikia, huzisikii hata zile zilizokuja kukuambia kitu.

Nikamwambia Akinyi asogeze vidole. Vilisogea kidogo mno. Vilikuwa vimevimba lakini vina joto, na nilipobonyeza kucha rangi ilirudi. Nikaridhika. Nikashika vidole vinne kwa mkono wangu, nikavinyoosha taratibu.

Akinyi alipiga ukelele ambao mpaka leo naweza kuwaonyesha ulifika wapi. Sista aliyekuwa akigawa dawa aliacha trei. Wanawake wa vitanda vya karibu wakageuka, wawili wakacheka.

"Uwi! Daktari, niache! Mkono inataka kupasuka huko ndani!"

"Pole, mama. Umevunjika mifupa, lazima iume."

"Si mfupa. Najua ya mfupa. Hii ni ingine. Tangu alfajiri, hata dawa wamenipa haisikii."

Shangazi akaingilia kwa aibu. "Akinyi, wacha kutuaibisha. Watu wamezaa humu."

"Vumilia kidogo," nikasema, na nikavinyoosha tena, mara tano kama ilivyoandikwa. Kisha nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anaogopa mazoezi, ahimizwe. Nikaendelea kitanda kilichofuata.

Sasa wekeni simu chini mnisikilize. Yote niliyohitaji nilikuwa nayo. Mkono wa mbele una misuli inayokunja vidole, imelala upande wa kiganja, imefungwa ndani ya ule utando ambao nilijaribu kuuvuta Katito ukakataa. Mifupa ikivunjika damu inavuja ndani, misuli inavimba, na nje yake kuna plasta ya sifa. Shinikizo linapanda. Mishipa midogo kabisa ya damu inafungwa kwanza, wakati mshipa mkubwa bado unapitisha damu hadi kwenye vidole. Ndiyo maana vidole vina joto. Ndiyo maana kucha inarudi rangi. Mnaweza hata kuupata mpigo wa mshipa kwenye kifundo cha mkono, mkajidanganya kama mimi. Na ukinyoosha vidole unaivuta ile misuli inayokufa kwa kukosa damu, nayo inauma kuliko mfupa, kuliko chochote, na dawa haiigusi. Hiyo ndiyo dalili ya mapema. Kufa ganzi kunafuata. Vidole kuwa vyeupe na baridi ni habari za mwisho, hapo unakwenda kuuzika mkono. Msuli unaweza kungoja damu saa chache tu, kama sita hivi, halafu hauna cha kungojea.

Bwana Ochola alipita wodini saa tisa mchana akitafuta mtu mwingine kabisa. Akinyi alikuwa ameacha kupiga kelele. Alikuwa akilia bila sauti, uso ukutani. Bwana Ochola alisimama, akamsalimu kwa heshima kana kwamba ndiye aliyemjia, akamwomba ruhusa, akakinyoosha kidole kimoja tu, cha kati, kwa kiasi cha upana wa ukucha. Akaona uso wake. Hakuita daktari kwanza. Aliita mkasi wa plasta, akaipasua kutoka juu hadi chini, akaipanua kwa mikono, akakata na pamba na bandeji yote ya ndani mpaka ngozi ikaonekana, akaushusha mkono uliokuwa umeninginizwa juu ukawa sawa na moyo. Ndipo akatuma mtu amwite daktari wa upasuaji, na alipokuwa akingoja akalisoma faili, akaniita.

"Ulifika hapa saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa mbili, Bwana."

Aliitazama saa ya ukutani, akaomba kalamu yangu, akaandika muda kwenye faili chini ya mwandiko wangu, akanirudishia. Hakulitaja tena jambo hilo, siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Nilitamani anitukane.

Daktari aliupasua ule utando mkono mzima ili misuli ipate nafasi. Niliruhusiwa kuingia. Misuli ya juu ilikuwa nyekundu, na alipoigusa kwa koleo ilishtuka. Ile ya ndani zaidi, iliyo karibu na mfupa, ambayo ndiyo hukunja ncha za vidole na kidole gumba, ilikuwa imekwajuka kama nyama iliyokwisha kuchemshwa. Akaigusa. Haikushtuka. Akagusa mahali pengine, na pengine, akaniangalia juu ya kitambaa cha mdomoni, akaendelea na kazi.

Nimemwuliza daktari huyo, na wengine baada yake, kama saa mbili asubuhi mkono wote ungeokolewa. Hakuna anayeweza kusema. Pengine sehemu ilikuwa imeshakwenda. Lakini kati ya saa mbili na saa tisa kuna mengi, na yale mengi ni yangu.

Msuli uliokufa haurudi. Mahali pake panaota kovu, na kovu halina vichwa vya kuvuta wala vya kuachia, linajua kufupika tu. Baada ya miezi vidole vya Akinyi vilijikunja kuelekea kiganjani. Mkitaka kuitambua hali hiyo, fanyeni hivi: kunjeni kifundo cha mkono kuelekea ndani, vidole vitafunguka; kinyoosheni kifundo, vidole vitajifunga vyenyewe. Kamba imekuwa fupi, na haiwezi kutosha pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Nilimshughulikia miaka miwili. Nilimtengenezea vibao vya kunyooshea vidole, nikivibadili kila baada ya wiki mbili, na nilipokosa lastiki za hospitali nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli. Niliifundisha ile misuli iliyobaki hai. Nyuzi za msuli haziongezeki idadi kwa mazoezi, lakini zilizopo hunenepa, vijiuzi vinaongezeka ndani yake, na neva inajifunza kuziita nyingi kwa pamoja. Siku za Jumamosi nilikwenda kwake Manyatta na donge la unga wa chapati alikande. Tulicheka sana. Alinisema kwamba unga wangu ni mbovu, ndiyo sababu mume wangu ni mwembamba. Baada ya upasuaji mwingine wa kurefusha kamba, aliweza kushika kikombe, kushika ufagio, kubeba mtoto. Kusuka ile mistari myembamba hakuweza tena. Nywele tatu za mtu kati ya kidole gumba na cha shahada zinataka msuli uleule uliokufa.

Akageuza kibanda kuwa duka la nywele za kusukia na kuajiri wasichana wawili, akikaa kwenye kiti akiwaelekeza kwa ukali. Watoto walisoma. Lakini nilimkuta mara moja hajaniona, akiutazama mkono wa mmoja wa wale wasichana ukienda mbio kichwani mwa mteja, na nikarudi nyumbani bila kumsalimu.

Wakati ule wa mazoezi aliniuliza mara moja, "Daktari, kwani mkono yangu ilikataa nini? Wengine wanavunjika wanapona." Nikamwambia ni uvimbe, hutokea. Hapakuwa na uongo ndani ya sentensi hiyo, na ilikuwa uongo mtupu. Kila Desemba alinitumia njugu karanga, kilo mbili, zimechambuliwa. Nilikuwa nikizigawa kwa majirani. Sikuweza kuzila.

Mwaka jana nilistaafu, na nikaona sitakwenda kaburini na jambo hili. Nilimpigia simu nikaenda dukani kwake. Akawatuma wasichana soda. Nilimweleza yote, utando, damu, joto la vidole lililonidanganya, saa mbili, saa tisa, na neno nililoliandika kwenye faili. Nililia, nami si mtu wa kulia. Nilimwambia: ningekusikia asubuhi ile, pengine ungekuwa unasuka leo.

Akinyi alikuwa akipanga pakiti za nywele kwa mkono wa kushoto. Hakuacha kuzipanga.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua vipi?"

"Si ni mimi nilikuwa nalia? Yule mzee alivuta kidole mara moja, akakimbia kutafuta mkasi. Wewe ulivuta mara tano. Unafikiri mimi ni mjinga?"

Soda zikaja, tukazishika.

"Na njugu zote hizo?" nikauliza.

"Njugu ilikuwa ya zile Jumamosi. Hiyo nyingine nilikuwa nangoja useme. Umekaa nayo sana, Mama." Alikunywa kidogo. "Hata nilikukasirikia. Miaka mingine nilituma ile ndogondogo, kama hukujua."

Sikumwomba msamaha mara ya pili, na yeye hakusema amenisamehe. Niliondoka na aibu yangu, lakini nilitembea vizuri zaidi. Baada ya wiki akanipigia simu. Alitaka kujua kama bado naenda kuwafundisha wale watoto wa chuo. Nilipokubali akasema, "Nitakuja. Wewe utaongea hiyo maneno yako ya nyuzi. Mimi nitawaonyesha mkono."

Ndivyo alivyokuja darasani kwenu. Mlimwona: gauni la kijani, kitambaa kichwani, mkono umelazwa juu ya meza ya mbele kwenye taulo jeupe. Nilieleza vichwa na kalsiamu na utando, mkaandika sana, wengine mkapiga picha ubao. Mkapita mmoja mmoja mkakikunja na kukinyoosha kile kifundo, mkaona vidole vinavyofunguka na kujifunga. Mkashika kovu lile refu. Mkaonyesha heshima, na nikajivunia ninyi.

Kisha Akinyi akamchagua mmoja wenu, simtaji, msichana mwenye sauti nzuri aliyejibu maswali yangu yote bila kukosea, hata lile la kuachia kuhitaji nishati. Akamwita karibu.

"Hebu niambie, msichana wangu. Umeingia wodi asubuhi. Watu wamejaa, kazi ni mingi. Kuna mwanamke ana plasta mkononi. Vidole iko na joto, kucha iko sawa. Unanyoosha vidole, anapiga kelele mpaka wodi nzima inaangalia. Utamwambia nini?"

Ubaoni nyuma yake kulikuwa na kila kitu kwa mwandiko wangu. Yule msichana aliweka mkono begani mwa Akinyi, kwa upole kabisa, kama anavyofundishwa mtu wa kazi yetu.

"Nitamwambia, pole mama, vumilia kidogo."

Hakuna aliyecheka. Akinyi alinitazama mimi, siyo yeye. Akauchukua mkono wake kutoka kwenye taulo, akauweka mapajani.

"Anza tena," akaniambia. "Hawajasikia."